Kitenzi "bear" cha Kiingereza na ndugu zake wa Kihispania: kubeba, kuzaa, kuvumilia



Baadhi ya wasomaji huuliza kwa nini mafrateri wahangaike na Kihispania wakati Kiingereza chenyewe bado kinawatoa jasho. Jibu langu ni fupi. Vitabu vingi vya falsafa tunavyosoma viko katika Kiingereza, lakini Teresa wa Avila, Yohane wa Msalaba na Inyasi wa Loyola waliandika kwa Kihispania. Tena tunaye Baba Mtakatifu Leo XIV, mzaliwa wa Chicago, aliyekuwa askofu wa Chiclayo nchini Peru. Jioni ile ya tarehe 8 Mei 2025 alipotokeza kwenye roshani alizungumza Kiitaliano, kisha akageukia Kihispania kuwasalimu waamini wake wa zamani. Mtu anayejua lugha zote mbili huona mambo ambayo mwenye lugha moja hayaoni, na leo nitajaribu kuyaonyesha kwa kitenzi kimoja tu.

Ukifungua kamusi ya Kiingereza kwenye neno "bear" utakutana na maneno mawili yaliyoandikwa sawasawa. La kwanza ni dubu, mnyama, ambaye kwa Kihispania ni "oso". Huyo tumwache porini. La pili ni kitenzi, na hicho ndicho kinachosumbua: "bear" kwa wakati uliopo, "bore" kwa wakati uliopita, "borne" kwa hali timilifu. Ipo pia "born", isiyo na "e" mwishoni, inayotumika kwa kuzaliwa peke yake. Kwa hiyo utaandika "Jesus was born in Bethlehem", lakini mama aliyezaa watoto wanne utasema "she has borne four children". Herufi moja hiyo huangusha wengi kwenye mitihani.

Maana ya msingi ya kitenzi hiki ni kubeba. Katika Kiingereza cha kale kilikuwa "beran", na wanaisimu wanakihesabu kuwa ndugu wa "ferre" ya Kilatini na "pherein" ya Kigiriki, yote yakiwa na maana ya kubeba au kuleta. Kutoka mzizi huo Kiingereza kilipata pia "burden", yaani mzigo, "birth", yaani kuzaliwa, na "bier", ile machela ya kubebea maiti. Kuzaliwa, kubeba mizigo na kupelekwa kaburini, vyote vimetoka katika mzizi mmoja.

Hapa mwanafalsafa anapaswa kusimama kidogo. Neno "metaphora", tunalolitumia kuzungumzia maana ya kitamathali, limetokana na "pherein" hiyohiyo: "metapherein" ni kubeba kitu na kukivusha hadi mahali pengine. Aristotle, katika sura ya 21 ya kitabu chake kuhusu ushairi, anaeleza kuwa ni kukipa kitu jina ambalo ni la kitu kingine. Sisi kwa Kiswahili tunasema sitiari, neno lililotoka kwenye Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuazima. Mgiriki aliona jina linabebwa, Mwarabu akaona linaazimwa. Mimi napenda zaidi picha ya kuazima, kwa sababu kilichoazimwa kina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukidai. Tutaona mfano wa deni la namna hiyo lililofikishwa mahakamani.

Tuanze na uzito wa kawaida. "This bridge can bear ten tons." Mhispania hatatumia hapa "llevar", kitenzi chake cha kubeba na kupeleka, kwa sababu daraja haliendi popote. Atasema "este puente soporta diez toneladas" au "aguanta diez toneladas". Sisi tutasema daraja hili linahimili tani kumi. Tazama neno hilo kuhimili. Mzizi wake wa Kiarabu ni h-m-l, wa kubeba. Humo tumepata hamali, mchukuzi wa mizigo sokoni na bandarini. Tumepata mhimili, nguzo au boriti inayobeba paa, na kwa sitiari mihimili mitatu ya dola: Serikali, Bunge na Mahakama. Tumepata pia kustahimili, yaani kubeba taabu bila kuanguka. Na kwa Kiarabu chenyewe "haml" ni mimba. Kwa hiyo mzigo, mimba na uvumilivu vimekaa katika mzizi mmoja, kama vilivyokaa katika "bear" ya Waingereza, ingawa familia hizo mbili za lugha hazina undugu wowote wa damu. Ninapoona watu wa mbali hivyo wamefika kwenye wazo lilelile, nashindwa kuamini kuwa ni bahati tu. Nadhani wote walimtazama mama mjamzito.

Sasa tuje kwa mama huyo. Kihispania kina "parir" na "dar a luz". La kwanza ni la moja kwa moja, na masikioni mwa wengi lina ukali kidogo. Linawafaa zaidi wanyama. La pili ni la heshima, na ukilifasiri neno kwa neno ni kutoa kwenye mwanga. Nasi tunafanya vivyo hivyo: ng'ombe amezaa, lakini mama mchungaji wa ng'ombe huyo amejifungua. Kujifungua ni sitiari pia, ila tumeizoea hata hatuioni tena. Angalizo kwa wanaojifunza: ni "dar a luz", usiiache "a" hiyo, kwa kuwa "dar luz" ni kutoa mwanga kama taa.

Mtoto mwenyewe je? Mwingereza anasema "I was born", nasi tunasema nilizaliwa, kauli ya kutendwa katika lugha zote mbili. Mhispania anasema "nací", kauli ya kutenda, kana kwamba mtoto ndiye aliyeifanya kazi! Wanafunzi wa Kilatini watakumbuka kuwa "nasci" ni kitenzi chenye umbo la kutendwa na maana ya kutenda. Kihispania kiliiacha sura ile ya nje kikabaki na maana. Ndiyo sababu katika Kanuni ya Imani utakuta "nació" mahali ambapo sisi tunasema akazaliwa. Usijaribu kuunda kauli ya kutendwa hapo kwa kufuata Kiingereza. Utaeleweka, lakini watacheka.

Kwa miti, Kiingereza kinaendelea na kitenzi kilekile, "to bear fruit". Kihispania kinasema "dar fruto", kutoa tunda. Kiswahili kinasema kuzaa: mwembe umezaa, na kwa sitiari juhudi zimezaa matunda. Kwa Mwingereza mti unabeba, kwa Mhispania unatoa, kwetu ni mzazi. Injili ya Yohane, sura ya 15, inapozungumzia mzabibu na matawi, Kigiriki chake kinatumia "pherein", kwa hiyo kwa hapo Mwingereza amekaa karibu zaidi na maandishi ya asili. Lakini msikilizaji wa Kiswahili anapata kitu cha ziada, maana tawi lake lina uzazi ndani yake.

Sasa ule mfano wa mahakamani. Marekani ina Rekebisho la Pili la Katiba, lililoidhinishwa mwaka 1791, linalozungumzia haki ya watu ya kumiliki silaha na, kwa Kiingereza, "to bear arms". Ni nini hasa maana ya maneno hayo? Ukiyachukua kwa maana ya msingi, ni kubeba silaha, na mtu yeyote mwenye bastola kiunoni anaibeba. Ukiyachukua kama nahau, ni kutumikia jeshini, kwenda vitani. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, na sehemu kubwa ya mabishano ilihusu jambo hili. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika kwa niaba ya majaji watano, alishikilia kwamba maana ya kawaida ni kubeba silaha, na kwamba maana ya kijeshi ilikuwa wazi pale tu maneno hayo yalipofuatwa na "against", yaani dhidi ya fulani. Jaji John Paul Stevens, akiandika kwa niaba ya wale wanne waliopinga, alisema ni nahau inayojulikana ya kutumikia kama askari, na akaifuatilia hadi kwenye "arma ferre" ya Kilatini. Majaji tisa, kitenzi kimoja, na nyuma yake suala la nani aruhusiwe kuwa na bunduki nyumbani.

Kwa Mhispania fumbo hili lingepungua makali. Husema "portar armas" au "llevar armas" kwa kuzibeba, na "tomar las armas", kuzichukua silaha, kwa kwenda vitani. Vitenzi viwili, njia mbili. Sitaki kuamua kesi ya watu, lakini msomaji ataona kuwa swali la maana halisi na maana ya sitiari halikai darasani tu.

Misemo mingine nitaipitia haraka, kwa maana inatosha kuikariri. "To bear witness" ni "dar testimonio", kutoa ushuhuda. Ushahidi wa uongo, ule unaokatazwa na amri ya nane, Mhispania huusemea "levantar falso testimonio", kama mtu anayeunyanyua kutoka chini. "To bear in mind" ni "tener en cuenta", kuzingatia. Barua "bears a signature", kwa Kihispania "lleva una firma", kwetu ina sahihi basi. "Bear left" ya njiani haibebi chochote, ni "gire a la izquierda", kata kushoto. "Bear with me" ni "tenga paciencia", nivumilie kidogo. "The facts bear him out" ni "los hechos lo confirman", ukweli unamthibitisha. Unaonipendeza zaidi ni "to bear a grudge". Mhispania anasema "guardar rencor", kuihifadhi chuki, nasi tunasema kuweka kinyongo. Wawili tumeiweka ndani kama akiba. Mwingereza anatembea nayo begani. Sijui nani anateseka zaidi.

Na kwa kuwa nimetaja begani, Kiswahili cha mtaani nacho kina mambo yake. Shabiki wa mpira akisema timu fulani inabebwa, anamaanisha mwamuzi anaipendelea, hata wengine hutaja mbeleko kabisa. Wakibeba kombe, hapo ni ushindi. Kitenzi kilekile kinaweza kuwa tusi na sifa katika dakika tisini.

Tunafika kwenye maana nzito kuliko zote, ya kuvumilia. "I can't bear it." Kihispania kinatoa "no lo soporto" na "no lo aguanto", na mtu aliyefika mwisho kabisa husema "no puedo más". Pana pia "tolerar" kwa yale unayoyaruhusu bila kuyapenda, na "sufrir", ambayo imetokana na Kilatini "sufferre", kubeba kwa chini, "ferre" ile ile. Mtego mkubwa upo katika "soportar". Anayejua Kiingereza atadhani ni sawa na "support", kusaidia. Sivyo. Fikiria frateri anayemwandikia mfadhili wake kule Hispania: "Gracias por soportarme." Anadhani ameshukuru kwa msaada, kumbe ameshukuru kwa kuvumiliwa. Kusaidia ni "apoyar".

Sasa tutofautishe "soportar" na "llevar", kwa sababu hapa kuna jambo linalotugusa parokiani. Nguzo "soporta": imesimama, uzito uko juu yake, itakaa hivyo hadi ibomoke. Msafiri "lleva": ana mzigo, ana miguu, ana anakokwenda. Kiingereza kimeviweka vyote viwili ndani ya "bear", na wanaposema kila mtu "has his cross to bear" huwezi kujua kama mtu huyo amesimama au anatembea. Mhispania anasema "cada uno lleva su cruz", au "cargar con la cruz". Msalaba kwake unatembezwa. Na ukisoma Luka 14:27 utaona kitenzi cha kubeba msalaba kimefungamanishwa na kumfuata Yesu. Kwa Simoni wa Kirene msalaba ulikuwa mbao, wenye uzito wa kupimika. Kwa mfuasi ni sitiari. Lakini katika hali zote mbili kuna njia na kuna anayetangulia.

Nalisema hili kwa sababu neno hili linatumika vibaya mbele ya macho yetu. Mama anapigwa na mumewe. Anakwenda kwa wakubwa wake wa imani au wa ukoo, anaeleza, anaonyesha alama. Anaambiwa: vumilia mwanangu, huo ndio msalaba wako. Sentensi hiyo imemgeuza kuwa nguzo. Haina njia, haina anayetangulia, haina mahali pa kufika isipokuwa kipigo kinachofuata. Aliyeisema huenda ana huruma na hana jibu jingine, lakini ameazima jina la msalaba na kulibandika kwenye kitu ambacho si chake.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino mwenyewe anafundisha kuwa tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kustahimili, "sustinere", kuliko kushambulia. Ni kweli, yako katika Summa, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 123, kipengele cha 6. Lakini someni hadi majibu ya pingamizi. Pale anaeleza kuwa katika kustahimili mwili ndio unaotendwa, ilhali roho inatenda: inashikamana na jema kwa nguvu zake zote. Basi kabla hatujamwambia mtu astahimili, tuna wajibu wa kumwonyesha jema analoshikamana nalo. Mfiadini analijua. Mama anayekesha na mtoto mgonjwa analijua. Yule anayeambiwa arudi kupigwa ashikamane na jema gani? Kama jibu ni "watu wasiseme", hilo si jema la kufia.

Tomaso huyohuyo anatusaidia kwa njia nyingine, katika sehemu ya kwanza, swali la 1, kipengele cha 10. Maandiko yanapotaja mkono wa Mungu, asema, maana yake halisi si kiungo cha mwili. Ni kile kinachoashiriwa na kiungo hicho, yaani uwezo wa kutenda. Kwake sitiari ikieleweka vizuri ndiyo maana halisi yenyewe. Kwa hiyo "beba msalaba wako" lina maana moja iliyo imara, na si kila maumivu yanaweza kuingizwa humo kwa kupenda kwetu.

Kiswahili chetu, kwa bahati, kina kitenzi ambacho Waingereza na Wahispania hawana: kuchukuliana. Kuchukua ni kubeba, ndiyo maana tuna mchukuzi. Ongeza viambishi viwili, cha kutendea na cha kutendana, ukapata watu wanaobebeana. Wafasiri wa Biblia walikitumia kwenye Wagalatia 6:2, kuhusu mizigo, na tena kwenye Wakolosai 3:13, kuhusu kuvumilia kasoro za wenzako. Kigiriki kina vitenzi viwili tofauti mahali hapo; Kiswahili kimeona kimoja kinatosha. Huwezi kuchukuliana peke yako. Anayemwambia mama yule "vumilia" kisha akafunga mlango hajatumia kitenzi hicho, kwa kuwa hakubeba kitu.

Mistari mitatu mbele, katika Wagalatia 6:5, Paulo anasema kila mtu atabeba mzigo wake mwenyewe, na wengi huona anajipinga. Kigiriki kinatofautisha: kwanza ni "baros", uzito unaolemea, halafu ni "phortion", mzigo wa kawaida wa msafiri. Kihispania kinaweza kuutunza utofauti huo kwa "peso" na "carga". Sisi tunaweza kusema kilemeo na furushi. Furushi lako ni lako. Kilemeo ni cha wote.

Kwa wanaojifunza, hizi hapa sentensi za kufanyia mazoezi, kwa Kihispania na kwa Kiswahili. "The old catechist bore the insult in silence." "These orange trees have borne nothing for two years." "Bear in mind that the road bears right after the church." "They took turns bearing the coffin." Hiyo ya mwisho ina mtego. Kihispania chake ni "se turnaron para llevar el ataúd", na kitenzi cha kubeba kimebaki pale pale. Kwa Kiswahili mtaona kuwa hamkihitaji kabisa: walipokezana jeneza.